Debe Lenye Tumbo

Mashine ya kwanza ya kusaga katika kijiji chetu niliileta mimi. Hakuileta mfadhili wala mbunge wala mtoto wa tajiri. Niliileta mimi, niliyeishia darasa la nne kwa sababu mbuzi wa baba walikuwa wengi na mchungaji alikuwa mmoja. Nilibeba mizigo stesheni ya Manyoni mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto, na mpaka leo shati langu linakaa upande. Injini nilijifunza kwa kumshikia fundi tochi. Kisha nikauza ng'ombe wote niliokuwa nao, nikanunua injini ya dizeli iliyokuwa imetupwa nyuma ya gereji, kuku wanataga ndani yake, nikaifufua kwa mikono hii hii.

Kijiji chenyewe si kwetu. Mimi ni Mnyaturu wa upande wa Ikungi, nimeoa huku kwa Wanyiramba, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kinyangiri. Kabla yangu wanawake wa hapa walibeba mahindi na mtama kichwani asubuhi hiyo yote, wakarudi na unga jua likizama. Nilipowasha injini mara ya kwanza, wazee walisimama na fimbo zao wakaangalia moshi kama watu wanaoangalia harusi. Nikafunga kikopo kwenye bomba la moshi ili mlio usikike mpaka ng'ambo ya korongo. Wakaniita Baba Mashine. Jina hilo sikupewa na mtu, nililitengeneza kwa dizeli.

Nieleze na hili, kwa sababu ndilo lililonitia wazimu baadaye: sina shamba la maana, sina mifugo tena, wala sina mtu wa kunipa pensheni. Mashine ndiyo kila kitu. Ikinyamaza, mimi ni mchukuzi wa mizigo mwenye mvi.

Miaka niliyokuwa peke yangu nilipanga bei nilivyoona inafaa. Sikuwa mwizi. Nilimwangalia mteja usoni, nikajua anaweza kulipa nini bila kurudi kwenye kinu na mchi, nikasimama hapo. Biashara ya mtu mmoja ni rahisi hivyo.

Ndipo Mwalimu akastaafu.

Huyu alifundisha shule ya hapa miaka mingi, nusu ya kijiji imechapwa na fimbo yake. Mzee wa kanisa, mtu wa koti hata kukiwa na jua la kupasua mawe. Alipopata kiinua mgongo chake angeweza kununua ng'ombe, angeweza kujenga nyumba za kupanga kule Singida mjini. Hapana. Alinunua mashine mpya, ya rangi ya kijani, akaifunga hatua mia mbili kutoka kwangu. Mia mbili! Nilizihesabu kwa miguu. Bara lote hili, mashamba mpaka macho yanachoka, yeye akaona mahali pa kuweka mashine ni kwenye pua yangu.

Mke wangu akasema, "Kaweka hapo kwa sababu ndipo njia inapopita."

"Njia ilipita hapa kabla sijaja? Njia hii nimeichonga mimi, na magunia yangu!"

"Haya, baba. Kunywa uji."

Siku ya kwanza alitoza mia pungufu kwa debe. Mimi nikapunguza mia mbili. Akapunguza. Nikapunguza. Ndani ya msimu mmoja bei ikaanguka kutoka elfu moja na mia tano mpaka mia sita, na kwa mia sita, nawaambia ukweli, nilikuwa nawasagia watu kwa dizeli yangu kisha nawasindikiza. Lakini ningeachaje? Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna shule iliyonifundisha. Mkiwa wawili, humwangalii tena mteja. Unamwangalia mwenzako. Unaamka unajiuliza: leo atafanya nini? Na yeye kule anakunywa chai anajiuliza: yule leo atafanya nini? Mashine zingekuwa mia, nani angejali ya jirani? Ingekuwa moja, nani angeulizwa? Wawili ni ugonjwa.

Nikatumia akili. Nilinunua pipa la dizeli, nikalisimamisha mbele ya banda ili alione anapokwenda kanisani. Pembeni nikasimamisha la pili, nikalijaza maji. Nilitaka ajue kwamba naweza kusaga kwa hasara mwaka mzima bila kutoka jasho. Watu wakasema, "Baba Mashine ana mapipa mawili!" Mwalimu alipita, akayatazama, akavua kofia, akaivaa tena. Nikajua nimempata.

Jumapili ile ile baada ya ibada akaja kwangu. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na huku kwetu hata ukiwa na kisu mkononi mkubwa unamwamkia kwanza. Nikamwamkia kwa meno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mdogo wangu. Naona tunauana."

"Wewe ndiye uliyekuja kuua. Mimi nilikuwa nimelala zangu."

Akacheka. Akasema tukae. Tukakaa kwenye magunia, mke wangu akaleta chai. Mwalimu akachora kwa kijiti kwenye vumbi la unga: hapa wewe, hapa mimi, hapa dizeli. Akasema bei irudi palepale pa zamani, wote wawili, siku moja, na asiwepo wa kushusha. Wanawake wakiuliza, tuwaambie dizeli imepanda. Kila mtu abaki na wateja wa upande wake. Nilimsikiliza, nikaona mtu huyu kumbe ana akili, na nikaona pia kwamba mapipa yangu ndiyo yaliyomleta. Tukaapa. Yeye aliweka mkono juu ya Biblia yake aliyotoka nayo ibadani, mimi nikasema wallahi mara tatu. Mtu wa Mungu na mtu wa Mungu.

Na ikawa. Bei ikapanda asubuhi moja kwenye mabanda mawili. Wanawake wakanung'unika, tukawaambia dizeli, wakanung'unikia dizeli. Mwezi wa kwanza ukaenda vizuri. Nikanunua mkanda mpya na chekeche mpya. Nikaanza kula nyama katikati ya wiki.

Mwezi wa pili nikaona njia inapungua watu.

Mwanzoni nilidhani ni mavuno. Halafu nikakaa mlangoni nikaangalia. Wanawake wa upande wangu, wa ng'ambo ya korongo, wanaosikia mlio wangu kabla ya wa mtu mwingine yeyote, walikuwa wananipita na mizigo kichwani wakienda kwa Mwalimu. Bei ile ile, mwendo mrefu zaidi. Wengine waliniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Baba Mashine," kisha hao, wakapita. Nikamsimamisha mama mmoja mtengeneza pombe ya mtama, dada wa ukoo wa mke wangu, mjane, mteja wangu tangu injini ilipowaka mara ya kwanza. Huyu peke yake alisaga kuliko familia nne.

"Shemeji, unanikimbia?"

"Nani akukimbie, shemeji, na tumbo hilo? Kule foleni ni fupi tu."

"Kwangu hakuna foleni kabisa!"

"Ndiyo maana naogopa," akasema, "nitakuwa peke yangu na wewe humo ndani." Wenzake wakacheka, wakageukia Kinyiramba, wakaendelea. Mimi Kinyiramba nasikia nusu. Nusu niliyosikia haikunipendeza.

Nikakagua mashine. Nyundo za kupondea humo ndani nzima, chekeche mpya, unga wangu laini unapita katikati ya vidole kama maji. Kama ni kazi, hakuna wa kunizidi kuanzia hapa mpaka Ulemo, na anayebisha alete mahindi yake. Basi ni nini? Nikafanya jambo la kijasusi. Nilipima mahindi debe sita kamili kwenye gunia, nikashona mdomo mwenyewe, nikamwomba mke wangu ampe mdogo wake akasage kwa Mwalimu. Mke wangu akalitazama gunia.

"Lazima?"

"Lazima."

Shemeji yangu akarudi na unga na chenji. Mwalimu alikuwa amempimia debe tano na kidogo, akamtoza tano. Kile kidogo akamsamehe.

Debe sita kwangu, tano kwake! Nilikaa chini. Katika maisha yangu nimeona vipimo vya kila aina vya wizi. Nimeona wanunuzi wa vitunguu na lumbesa zao, magunia yaliyovimba kupita kipimo, nimeona debe lililobonyezwa ubavu, nimeona mizani iliyofungwa sumaku. Vyote vinamwibia mtu mwingine, si mwenye kipimo. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona debe linalomwibia mwenyewe kwa makusudi, ili kumwua mwenye mashine mwenzake. Mwalimu alikuwa ameligonga debe lake kitako kutoka ndani mpaka likatoa tumbo, na akaupanua mdomo. Bei hakuigusa. Ubaoni kwake iliandikwa ile ile, kwa mwandiko mzuri wa ualimu. Mtu wa kanisa!

"Nilijua," mke wangu akasema.

"Ulijua nini?"

"Debe. Wanawake wote tunajua."

"Na hukuniambia? Mimi mume wako?"

"Ningekuambia ungepiga kelele. Ukipiga kelele, debe linarudi kuwa dogo." Akachukua ungo wake akaenda uani. Ninampenda mama huyu, ila siku ile nilitamani apande lori arudi kwao, halafu nikakumbuka kwao ni nyumba ya tatu kutoka pale.

Hapa sasa ndipo mtu mwenye akili angetulia. Angechukua nyundo, angegonga debe lake mwenyewe kimya kimya, litoe tumbo kubwa zaidi. Au angemfuata Mwalimu faragha, amwambie nimekujua, rudi kwenye kiapo. Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini mimi nilipanda kutoka chini kwa hasira, hasira ndiyo iliyonivusha Manyoni, na siku ile ikanipanda mpaka kwenye macho. Nilitaka aaibike mbele za watu. Nilitaka kila aliyewahi kuchapwa na fimbo yake amwone.

Nikangoja siku ya mnada, watu wamejaa. Asubuhi nikabeba debe langu limejaa mahindi mpaka ukingoni, nimelisawazisha kwa kipande cha ubao, nikatembea hatua zile mia mbili katikati ya njia. Kwa Mwalimu palikuwa na wanawake kama ishirini na magunia yao. Yeye amesimama na koti lake, kalamu nyuma ya sikio, anapima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kusaga kwangu?" Wanawake wakaguna kwa kicheko.

"Nimekuja kukufundisha." Nikachukua debe lake, nikamwaga kilichokuwa ndani yake kwenye turubai, nikamimina mahindi yangu ndani yake. Yakaingia yote. Pakabaki nafasi ya viganja vinne. "Angalieni! Angalieni wenyewe! Hili ni debe au pipa?"

Hakuna aliyeshangaa. Hilo lingenitosha kujua ninaanguka, lakini nilikuwa nimeshashika kasi.

Mwalimu akasema taratibu, "Mdogo wangu, debe langu limezeeka tu. Twende ndani tuzungumze."

"Siendi ndani! Uliapa! Tulikubaliana elfu moja na mia tano, mimi na wewe, juu ya Biblia yako! Tulikubaliana asiwepo wa kushusha! Wewe unashusha kwa kitako cha debe, mwizi wa koti!"

"Bei sijaigusa," akasema. "Soma ubao."

"Unajua mimi kusoma kwangu ni kwa shida, ndiyo maana uliniona mjinga! Tulikubaliana!"

Mashine yake ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo kila mtu alisikia kila neno, na neno la mwisho lilibaki hewani peke yake. Mwalimu akafumba macho. Nilidhani ni aibu. Kumbe yeye alikuwa ameelewa kabla yangu nilichokifanya.

Yule mama mtengeneza pombe aliweka mkono kiunoni.

"Shemeji. Mlikubaliana?"

Nikajitia kukusanya mahindi yaliyo kwenye turubai.

"Nyie wawili mlikaa mkakubaliana bei? Mlituambia dizeli."

"Dizeli nayo..."

"Mimi nimewaombea nyie," akasema mama mwingine, mwimbaji wa kwaya ya Mwalimu. "Mwalimu, nimesimama kanisani nikawaombea wenye mashine, kwa ajili ya dizeli!"

Kichekesho ni kwamba ningecheka kama yangekuwa yamemkuta mtu mwingine. Wakaanza kuongea wote, Kiswahili na Kinyiramba pamoja, na safari hii nilielewa yote. Halafu yule mama akainama, akainua gunia lake, akamsaidia wa pembeni yake. Mmoja mmoja wakabeba. Hata waliokuwa wamekwisha kupimiwa walirudisha mahindi kwenye magunia. Tukabaki mimi na Mwalimu na madebe mawili.

"Darasa la nne," Mwalimu akaniambia, bila kupaza sauti. "Darasa la nne lilikuwa linakufaa."

Ningempiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Ulishushwa na mvi zake.

Kesho yake wanawake walikodi mkokoteni wa ng'ombe, wakajaza magunia ya kijiji kizima, wakapeleka Kinyangiri. Siku ya tatu wakapeleka tena. Wenye kidogo walitoa vinu na michi, na nilisikia twanga, twanga kutoka kila ua, mlio nilioufuta mimi katika kijiji hiki, umerudi kunizomea. Nyumbani kwangu pia. Mke wangu alitwanga uani, mashine ya mume wake iko hatua kumi, na nilipomuuliza akasema hawezi kuwasaliti wenzake. Siku tisa sikuwasha. Panya waliingia kwenye chekeche mpya. Nilikaa mlangoni nikaangalia bega langu la kulia, nikajiuliza kama stesheni bado wanachukua wazee.

Mwalimu naye alikaa kimya kwake. Siku ya saba alipita, nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Tukae tena." Nikamwambia, nikae na wewe kwa kiapo kipi? Akaondoka. Na hapo tulipoachana, kila mmoja alijua jambo moja: atakayetangulia kwenda kwa wale wanawake ndiye atakayesaga, na atakayechelewa atauza vyuma chakavu.

Siku ya kumi nikavaa kanzu nikaenda kwa mama mtengeneza pombe. Alikuwa anachekecha kimea. Alinipa kigoda kifupi kuliko chake.

"Mwalimu alikuwa hapa asubuhi," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Kasema bei gani?"

"Taja yako."

"Elfu moja."

Akachekecha.

"Mia tisa."

"Shemeji, Kinyangiri wanasaga kwa mia tisa. Na mkokoteni tumeshauzoea."

"Mia nane! Mia nane, na nikifa mnizike nyie!"

"Na debe letu," akasema. "Tumenunua la chama chetu cha wanawake, jipya. Linakaa kwangu. Linakuja na mteja na linaondoka na mteja. Wewe huligusi."

Nikakubali. Nilitoka pale nimekunja ngumi ndani ya kanzu, lakini nilijua nimemuwahi Mwalimu, na nilikuwa tayari najisifu njiani. Nilipofika kwenye njia panda nikamkuta amevaa koti, ndiyo kwanza anaelekea nilikotoka. Alikuwa hajafika kwa yule mama. Yule mama alikuwa amenidanganya. Nikasimama pale nikamwangalia akipita, nikajua kwamba naye akiingia ua ule ataambiwa, "Baba Mashine alikuwa hapa," na kwa upande wake itakuwa kweli.

Ningeweza kumwita. Ningemwambia, usikubali, tusimame pamoja. Nilifungua mdomo. Kisha nikamkumbuka amesimama na kalamu yake sikioni akisema soma ubao, na nikaufunga. Aende. Akanyolewe kama nilivyonyolewa.

Jioni ile ile wote wawili tulikuwa tumekubali mia nane. Kwa mia nane naishi, siwezi kusema siishi. Nyama ya katikati ya wiki imekwisha. Mwalimu hana deni na mtu, ana pensheni, atadumu. Mimi nina mikono, nitadumu kuliko yeye. Watu wananiambia nimsamehe, nchi ni ndogo, tunakutana misibani. Simsamehe. Namwamkia, kwa sababu nililelewa, lakini simsamehe, na wale wanawake siwasamehe, na zaidi yao wote kuna mtu mmoja mwenye bega la upande ambaye alibeba debe la mahindi katikati ya njia akaenda kutangaza siri yake mwenyewe. Huyo ndiye ninayegombana naye kila siku.

Asubuhi ya kwanza yule mama alikuja na magunia mawili na lile debe la chama, linang'aa. Akapima mwenyewe. Akasawazisha mwenyewe, kwa mkono, mara mbili, akinitazama.

"Saga, shemeji."

Nikashika hendeli. Siku zote injini ile hutaka kuzungushwa mara tatu, nne. Siku ile, kwa hasira niliyokuwa nayo, nilizungusha mara moja tu, ikashika.